Pinyoni ya 23, nyasi za Moshi na mota iliyopikwa: gia za gari la rimoti

Harufu ya vanishi ya waya ikiungua ukishainusa mara moja huisahau tena. Mi niliinusa tarehe 27 Desemba mwaka jana, kwenye uwanja wa shule moja kule Moshi maeneo ya Majengo, saa tisa mchana, watoto kama kumi na tano wamenizunguka wanapiga kelele anko ongeza, anko ongeza, na gari langu la rimoti, lile truki la kipimo cha moja kwa kumi, likakata nyasi kama mita thelathini hivi likaanza kupunguza mwendo lenyewe, nikadhani betri imeisha, nikabana akseli ya rimoti mpaka mwisho, likajikongoja kidogo likasimama, halafu moshi mweupe mwembamba ukaanza kutoka pale nyuma ya bodi.

Nilikimbia nikachomoa betri. Nikagusa mota nikarudisha mkono haraka, vidole viwili vikatoka malengelenge.

Nimekaa na hii habari karibu mwaka mzima na nimejifunza mengi sana humo katikati, na kwa kuwa kila wiki kuna chalii wa hapa Chuga, yaani Arusha, ananiuliza mbona mota yake inachemka, nimeona niandike yote sehemu moja. Wengi wanaouliza wanaanza kwa kulaumu mota, wanasema ni feki, au wanalaumu betri. Mara nyingi tatizo liko kwenye kile kigia kidogo cha shaba au chuma kilichokaa kwenye shafti ya mota, tunakiita pinyoni, kina thamani ndogo kuliko kitu chochote kwenye gari zima na ndicho kinachoamua mota iishi au ife.

Gari langu lilikuja na gia kubwa, ile tunaita spa, ya meno 86, na pinyoni ya meno 19. Mota ni brashilesi, ile isiyo na kaboni, ya 3650, yaani kipenyo chake milimita 36 na urefu milimita 50, yenye kV 3300. Hiyo kV watu wanaichanganya sana, haina uhusiano na nguvu, inakwambia tu kwamba kila volti moja unayoipa mota isiyo na mzigo itazunguka mara 3,300 kwa dakika. Nilikuwa natumia betri ya lipo ya 2S, yaani ya seli mbili, ambayo ni volti 7.4, kwa hiyo mota inazunguka kama 24,420 kwa dakika. Hapo nilikaa mwaka mzima na nusu bila shida yoyote, nakimbiza Njiro kwenye murami, nakimbiza uwanjani, mota inakuwa ya vuguvugu tu.

Halafu nikanunua betri ya 3S, ya seli tatu. Volti 11.1, mizunguko inaruka mpaka 36,630. Na kwa kuwa nilikuwa naagiza vitu nikaongeza na pinyoni ya meno 23 kwenye oda hiyohiyo, nikafunga vyote siku moja. Jioni yake nikatoka nalo kwenye lami ya mtaani kwetu, aisee lile gari liliondoka kama limetoroka, majirani walitoka nje kuangalia. Nilipiga raundi tatu nne fupi, kibaridi cha Arusha kile cha jioni kinapuliza, nikarudi ndani nimefurahi. Sikugusa mota. Sikupima chochote.

Desemba tukashuka Moshi kuhesabiwa, yaani sikukuu za nyumbani, kama kawaida yetu, gari nikaliweka kwenye boksi nyuma ya siti, nawaza watoto watakavyofurahi. Mengine nimeshaeleza.

Kesho yake nikaichukua ile mota nikaenda nayo Pasua kwa baba mdogo. Baba mdogo ni fundi wa kusuka mota, anasuka za pampu za maji, za mashine za kusaga, za feni, kazi hiyo anaifanya tangu mi niko shule ya msingi. Nikamkuta kakaa kwenye kigoda chake, waya wa shaba umemzunguka miguuni.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu, umeniletea nini hicho? Mbona kidogo hivyo?"

Kabla hajaifungua aliinusa tu. Akasema hii imepikwa. Akachukua bisibisi ndogo akatoa zile skrubu za nyuma, akavuta rota, akanionyesha ndani. Waya wa mota nzima huwa una rangi kama ya dhahabu hivi au nyekundu ya kung'aa kutokana na vanishi iliyoupaka, huu wangu ulikuwa mweusi kama kahawa iliyokaangwa ikapitiliza. Akaparuza kwa kucha ile vanishi ikabanduka vipande vipande, chini yake shaba imegeuka zambarau. Vanishi hiyo ndiyo inayozuia waya mmoja usigusane na mwenzake, ikishabanduka umeme unakata njia za mkato, mota inakunywa umeme mwingi zaidi bila kufanya kazi, na hapo ndipo moshi unapotoka.

Hakuniuliza nilinunua wapi wala shilingi ngapi. Aliniuliza swali moja tu, "Umebadilisha nini tangu ilipokuwa nzima?"

Nikamweleza, betri na pinyoni. Akauliza, na ulikuwa unaikimbiza wapi? Nikasema kwenye nyasi. Akatikisa kichwa akaniambia hivi, "Umefunga spoketi ya kwenda Dar, halafu umepandia nayo Kibosho."

Mtu yeyote aliyewahi kukaa na vijana wa bodaboda hapo ameshaelewa. Pikipiki ina spoketi ndogo mbele na kubwa nyuma. Ukiongeza meno ya mbele pikipiki inakimbia zaidi barabara ikiwa tambarare lakini kwenye kilima na mzigo wa ndizi mikungu miwili inakufa, ukipunguza meno ya mbele inapanda hata ukuta ila kwenye lami injini inalia tu haisogei. Gari la rimoti ni vilevile kabisa, pinyoni ndiyo spoketi ya mbele, spa ndiyo ya nyuma. Tofauti iko moja na ndiyo inayotuponza. Injini ya pikipiki ikizidiwa inazima, au unasikia inagonga, unashusha gia. Mota ya umeme haizimi. Ikizidiwa na kushindwa kuzunguka inavuta ampea nyingi zaidi kutoka kwenye betri ili ijaribu tena, na betri za lipo zinatoa ampea bila kuuliza, kwa hiyo we uko kule mbali na rimoti yako unaona gari linaenda vizuri kumbe ndani mota inajichoma.

Na joto haliongezeki sawasawa na ampea, hapa ndipo wengi tunapopotea. Ampea zikizidi mara mbili, joto kwenye waya linazidi mara nne. Zikizidi mara tatu joto mara tisa. Sasa chukua hesabu ya gari langu. Nguvu inayotakiwa kusukuma tairi kwenye nyasi ni ileile, nyasi hazijui umefunga gia gani, lakini ukitoka pinyoni ya 19 kwenda 23 mota inatakiwa itoe msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha shafti, zaidi kwa asilimia 21, msokoto ni ampea, kwa hiyo ampea zinapanda asilimia 21 na joto la kwenye waya linapanda karibu asilimia 46. Hapo bado hujaongelea spidi. Upepo wenyewe, nguvu ya kuupasua inapanda kwa mchemraba wa spidi, ukienda mara mbili unahitaji nguvu mara nane.

Kuna kitu kingine baba mdogo alinieleza ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu wa magari ya rimoti. Shaba ikipata joto upinzani wake unapanda, kila nyuzi moja ya joto ni kama asilimia 0.4 hivi. Yaani mota iliyopanda nyuzi 60 kutoka ilipoanza, upinzani wa waya wake umeongezeka kwa robo kasoro kidogo, kwa hiyo ampea zilezile sasa zinaleta joto kubwa zaidi, na hilo joto linaongeza upinzani tena. Na sumaku nazo. Sumaku za neodimia za daraja la kawaida zinaanza kupoteza nguvu moja kwa moja zikifika nyuzi 80 hivi, ziko za daraja la juu zinazovumilia mpaka 150, ila kwenye mota za bei yetu hii huandikiwi ni zipi umewekewa. Sumaku ikidhoofika mota inahitaji ampea nyingi zaidi kutoa msokoto uleule. Ndio maana unakuta mota iliyowahi kuchemka sana mara moja tu, hata ukirudisha gia sahihi, inaendelea kuchemka kirahisi kuliko zamani. Watu wanasema mota imechoka, ni kweli kabisa imechoka, sumaku haijirudishi.

Nikarudi Arusha nikakaa na kalamu na karatasi, kitu ambacho nilitakiwa nikifanye kabla ya kuagiza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unagawa meno ya spa kwa meno ya pinyoni, jibu unazidisha kwa uwiano wa ndani wa giaboksi, ambao kwenye gari langu ni 2.72 na kwa kawaida unaandikwa kwenye kitabu cha gari. 86 gawa kwa 19 ni 4.53, zidisha 2.72 unapata 12.31. Maana yake mota inazunguka mara 12.31 ili tairi lizunguke mara moja. Namba hii ikiwa kubwa mota inapumua, ikiwa ndogo mota inabeba. Tairi langu lina kipenyo cha milimita 110, kwa hiyo mzunguko mmoja wa tairi ni kama sentimita 34.6.

Na pinyoni ya 19 na betri ya 2S, spidi ya juu kwenye karatasi ilikuwa kilomita 41 kwa saa. Karatasi haina upepo wala msuguano, uwanjani inapungua, ila inatosha kulinganisha. Na pinyoni ya 23 na 3S ikawa karibu kilomita 75 kwa saa. Kwenye uwanja wa shule. Kwenye nyasi. Watoto wamezunguka. Sitaki hata kuifikiria hiyo sehemu ya watoto, truki la kilo mbili kwenye mwendo huo likimpata mtoto mguuni ni jambo lingine kabisa.

Lakini hesabu iliyoniuma zaidi ni hii. Ningefunga ile 3S na pinyoni ya meno 15, badala ya 23, spidi kwenye karatasi ingekuwa kilomita 48.7 kwa saa. Yaani bado ningekuwa nimeongeza spidi kuliko nilivyokuwa mwanzo, na mota kwenye nyasi zilezile ingevuta ampea pungufu kwa theluthi moja ukilinganisha na ile ya 23, na joto la waya lingekuwa chini ya nusu. Betri yenyewe tayari ilikuwa imeshaniongezea spidi asilimia 50, sikuhitaji pinyoni kubwa hata kidogo, nilihitaji ndogo. Ukipandisha volti, shusha meno. Hili ningependa kila chalii anayenunua 3S yake ya kwanza alisikie kabla hajatoka dukani.

Mota mpya iliagizwa Januari ikafika Machi, masika ikaanza, matope, nikasubiri. Nikaagiza na pinyoni seti nzima, 13, 15, 16, 17 na 19. Hapa angalizo kabla hujaagiza ya kwako, pinyoni zina saizi ya jino, siyo idadi tu. Kuna pichi 48, pichi 32, pichi 64, kuna moduli 0.6, moduli 1. Pichi 48 na moduli 0.6 kwa macho zinafanana sana, unaweza kuzifunga pamoja zikazunguka vizuri mkononi, ukikimbiza dakika mbili spa inabaki upara, nimeliona gari la dogo mmoja wa Kijenge limefanya hivyo. Na angalia tundu la shafti, mota nyingi za ukubwa wa 540 na 3650 zina shafti ya milimita 3.17, zile kubwa za magari ya moja kwa nane ni milimita 5.

Kifaa kingine nilichonunua ni kipimajoto cha bastola, kile cha mafundi wa majokofu na AC. Zile bastola tulizokuwa tunapigwa nazo kwenye paji la uso kipindi cha korona nyingi hazifai, zimetengenezwa kwa joto la mwili, zikipita nyuzi 42 na kitu zinaandika tu kwamba ni juu. Na nilipoanza kutumia hiki cha mafundi nilidanganywa wiki nzima, kilikuwa kinanisomea nyuzi 44 kwenye mota ambayo siwezi kuishika. Kumbe chuma kinachong'aa hakitoi miale ya joto vizuri, kipimajoto kinasoma kama kioo vile, kinasoma na vitu vya pembeni. Dawa yake ni kipande cha seloteipu nyeusi ya umeme, ukubwa wa kucha, unakibandika kwenye ubavu wa mota, unapima palepale kila siku. Ile 44 ilipobandikwa seloteipu ikawa 61.

Juni matope yalipokauka nikaanza. Uwanja mmoja wa hapa Arusha, nyasi fupi, betri ileile ya 3S, dakika tano nakimbiza kama ninavyokimbiza siku zote, nasimamisha napima, nasubiri dakika moja napima tena. Hiyo ya pili ni muhimu kwa sababu joto liko ndani kwenye waya, linachukua muda kutoka nje kwenye ganda, gari likishasimama na hewa imekata ganda linaendelea kupanda. Hali ya hewa siku hizo ilikuwa kama nyuzi 22.

Pinyoni ya 15 ikanipa nyuzi 54. Ya 17 ikanipa 63. Ya 19 ikanipa 77, nikaitoa sikuirudisha tena. Angalia hapo, kutoka 15 kwenda 17 ni nyuzi 9, kutoka 17 kwenda 19 ni nyuzi 14, meno ni mawili yaleyale. Ndio ule mraba wa ampea na ule upinzani wa shaba vinavyofanya kazi pamoja. Mi mpaka wangu nimejiwekea nyuzi 70, ikifika hapo naegesha, na 80 siitaki kabisa. Kama huna kipimajoto tumia kidole, ukiweza kukishikilia kwenye ganda la mota sekunde tatu nne uko salama, ukiondoa papo hapo shusha jino. Wengine wanadondoshea tone la maji, likichemka na kulia tayari uko karibu na nyuzi 100, hapo unapima mwili wa marehemu.

Kwa hiyo nikakaa na 17, nikaridhika. Kumbe nimepima Arusha.

Mwezi wa kumi tukashuka Moshi kwenye kipaimara cha mpwa wangu, gari nimebeba, mchana ule nyuzi 32 kivulini. Nikakimbiza dakika tano uwanja uleule wa Majengo, na 17 yangu, nikapima nikakuta 73. Gari ni lilelile, betri ileile, dereva ni yuleyule. Nilichokuwa sijakiweka akilini ni kwamba mota haina joto lake la kudumu, ina nyongeza juu ya joto la hewa. Kama gia yako inaipandisha mota nyuzi 41 juu ya hewa, Arusha ya Juni yenye 22 unapata 63, Moshi yenye 32 unapata 73, na Moshi ya Februari mchana ikifika 34 au 35 huko unagonga 76. Sisi huku tuko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, Moshi mjini wako kama mita 500 chini yetu, safari ya kilomita 80 tu kwa Kosta lakini kwa mota ni kama umehama nchi. Ukiona mtu wa Sakina anakwambia 17 ni salama muulize alipima mwezi gani.

Mwinuko nao una mambo yake. Hewa ya huku kwetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Kwa hiyo hata maelekezo ya watengenezaji yaliyoandikwa kwa watu wanaokaa usawa wa bahari, mi huwa nayapunguza jino moja ninapoanza.

Siku hiyo ya kipaimara nikafunga 15 palepale uwanjani, kwa alenki, mikono ina mafuta ya nyama choma. Kubadilisha pinyoni ni dakika tano ukishazoea. Unalegeza skrubu za mota, unaisogeza, unatoa pinyoni, unaweka nyingine, skrubu yake ndogo ile inatakiwa ikae kwenye ubapa wa shafti siyo kwenye mviringo na upake gundi ya nati kidogo isifunguke. Halafu ile nafasi kati ya pinyoni na spa, kata kipande chembamba cha karatasi ya daftari, kiweke katikati ya meno, sukuma mota mpaka yabane karatasi, kaza skrubu, zungusha gia karatasi itoke. Ikitoka imekunjwa kunjwa kama mlima na bonde bila kuchanika uko sawa. Ukibana sana gia zinasagana na mota inapata mzigo wa bure, ukiacha wazi sana meno yanarukana. Baada ya hapo nikakimbiza tena dakika tano, 64.

Baba mdogo alikuwepo, katoka kwenye sherehe na suti yake, akaja akachuchumaa akaweka kidole kwenye mota akahesabu taratibu mpaka tatu. Mikono yake imezoea. Akainuka akasema, "Sasa unamlisha anachoweza kula."

Kuna yule jamaa aliniuliza juzi, ana Tamiya TT-02 anakimbiza kwenye lami, ameona gari lake lina uwiano wa mwisho wa 8.27 akaogopa, kwamba mbona langu mimi ninayehofia joto lilikuwa 12 na ushee na pinyoni ya 19, na lake liko chini hivyo. Hesabu yake ni sahihi, spa ya 70, pinyoni ya 22, uwiano wa ndani 2.6, ni 8.27 kweli. Lakini tairi lake lina kipenyo cha kama milimita 64 tu. Unachotakiwa kulinganisha ni gari linasogea kiasi gani mota ikizunguka mara moja, unachukua mzingo wa tairi unagawa kwa ule uwiano. Lake linasogea milimita 24.3. Langu na 19 lilikuwa linasogea 28.1, na ile 23 ya balaa milimita 34, na 15 ninayotumia Moshi ni 22.2. Kwa hiyo mkubwa hapo nilikuwa mimi, siyo yeye. Na hii ndiyo sababu ukibadilisha tairi ukaweka makubwa kwa ajili ya muonekano, umebadilisha gia bila kujua, tairi likiongezeka asilimia 10 ni kama umeongeza meno asilimia 10. Usikopi namba ya pinyoni ya mtu mwenye tairi tofauti na lako.

Sasa kuna siku gia ziko sahihi na mota bado inachemka. Hapo toa pinyoni isiguse spa kisha zungusha tairi kwa mkono. Lizunguke laini. Vumbi letu hili la volkano ni laini kama unga wa sembe, linaingia kwenye beringi likichanganyika na grisi linakuwa udongo, gari linakwenda lakini mota inasukuma muda wote. Mwezi wa nane langu lilipanda nyuzi 8 bila mimi kubadilisha kitu, beringi moja ya nyuma ilikuwa imeganda inazunguka na chuma chake. Wengine wanafunika bodi kwa nailoni vumbi lisiingie, unakuwa umeivalisha mota blanketi. Feni inasaidia, unaweza kuweka ndogo ya volti 5 ukaiunga kwenye risiva, kile kifaa ndani ya gari kinachopokea mawimbi ya rimoti, mi ninayo, ila niliifunga baada ya kupata gia, kwa sababu feni inapoza ganda la nje na ukiwa na gia mbaya waya wa ndani unaendelea kuungua huku kipimajoto kinakwambia uko salama.

Na kwa wenye mota za kaboni, zile 540 za kawaida, mambo ni yaleyale, ila hizo joto linakula kaboni na ile shaba zinapogusia, ukiona cheche nyingi za bluu kule nyuma shusha pinyoni kabla ya kununua mota nyingine. Kushusha nako kuna mwisho wake, ukiweka pinyoni ndogo kupitiliza mota inalia juu kabisa muda wote, beringi zake zinaisha na chuma cha ndani nacho kinapata joto kwa mizunguko ile mingi, ila katika magari yote niliyoletewa mwaka huu niyaangalie sijaona hata moja lililoungua kwa pinyoni ndogo. Yote yalikuwa kubwa.

Krismasi imebaki wiki tatu. Kwenye boksi nimeshaweka pinyoni ya 15 na ya 13, seloteipu nyeusi, kipimajoto, alenki mbili na daftari. Nimeongea na watoto kwenye simu, tutakimbiza kuanzia saa kumi na moja jioni jua likishapungua, kwenye ule murami wa pembeni siyo kwenye nyasi ndefu, kila dakika tano gari linasimama tunapima, na mpwa wangu wa kipaimara ndiye atakayeshika kipimajoto na kuandika.